Mtumbwi wa Uledi Hautobolewi

Wanaosema nilifungwa kwa sababu ya pombe waache uongo wao. Mimi, Mwantum binti Uledi, sijaonja pombe maishani. Nilifungwa kwa sababu ya maji, na ikibidi kurudia nitarudia kesho asubuhi kabla ya chai.

Baba yangu alichonga mtumbwi mmoja tu mkubwa, wa mvule, pale Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Aliupiga kasia miaka ishirini na minane, akipeleka chumvi na kurudi na dagaa. Alipofariki tuliupandisha mchangani tungoje arobaini iishe. Haijaisha, Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, akapita, akaupenda, akasema hauna mwenyewe. Ukapakiwa kwenye lori, ukapandishwa huku milimani hadi Sumbawanga, ukawekwa mbele ya boma.

Mimi nilikuwa nimeolewa hukuhuku Sumbawanga na Huseni, mwenye duka. Niliposikia, nilitoka mbio hata kanga ya pili sikuvaa vizuri. Nikamkuta Zenon, karani wa boma, ameinama na chaki, anachora duara ndani ya mtumbwi.

"Unafanya nini wewe?"

"Tundu nane, mama. Fundi Tadei atatoboa kwa kekee, tutie udongo, Bwana Shauri apande maua. Jumamosi anakuja mgeni mkubwa wa jimbo."

"Maua? Ndani ya chombo cha marehemu baba yangu?"

"Si ndiyo kuuhifadhi, mama? Watu wa huku hawajaona ziwa. Watakuja kuutazama."

"Watatazama nini, bustani? Mtumbwi ukitobolewa ni gogo tu, Zenon! Kaoteshee maua kitandani kwako!"

Akacheka. Nikapitisha kiganja kwenye ubavu wa mtumbwi, na moyo ukanipasuka. Upepo wa Ufipa mwezi wa Juni hauna huruma. Midomo ya watu inachanika, sembuse mti uliozoea maji? Ufa ulishaanza upande wa mbele, mwembamba kama uzi. Kwetu mtumbwi ukikaa nchi kavu hujazwa maji, la sivyo umekwisha. Siku hiyohiyo nikachukua mtungi, nikashuka kijitoni.

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu chomboni ilikuwa kukumba maji. Kila kata niliyoitupa nje, baba alitaka jina la bandari moja, kwa mpango wake, kutoka kaskazini hadi nyumbani. Kabwe, Kirando, Kipili, Ninde, Wampembe, Kala, Kasanga. Ukiruka moja, unaanza upya, hata mkono uwe umekufa ganzi. Basi nami kila mtungi niliomimina nikautajia jina lake. Watu wa mjini wakasema binti Uledi ana wazimu. Potelea mbali.

Siku ya tatu wakapita wanawake wa kijiji cha Pito na vikapu vyao vya ulezi, wakienda sokoni. Mmoja wao, Kristiana, akasimama. Akachungulia, akachovya kidole, akakiramba.

"Mbona haina ladha? Kimea umetia lini?"

"Kimea?"

"Cha pombe, dada. Hii siku ya ngapi?"

Laa haula! Kumbe kwao mtumbwi ni gogo la kupikia pombe! Nikawaka. "Pombe? Mnamtukana marehemu? Huu ni wa ziwani, watu wanakaa ndani, wanasafiri!"

"Watu wanakaa ndani ya pombe?" Kristiana akauliza, na wote wakacheka mpaka wakatua vikapu. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kisha Kristiana akaona ule ufa. Akaugusa, uso ukabadilika. "Wetu nao hatuuachi ukauke," akasema. "Ukikauka umekufa." Akaninyang'anya mtungi. "Nasikia kila mtungi una jina. Huu unaitwaje?"

"Kirando."

"Haya. Kirando," akamimina. Kabla hawajaenda sokoni nikawafundisha bandari zote saba, na sheria ya baba.

Alhamisi Bwana Shauri akatoka na askari wawili na fundi Tadei. Akaamuru maji yamwagwe. Mimi nikapanda, nikakaa chini, maji yakanifika kiunoni, baridi ya kung'oa meno.

"Toboeni," nikasema. "Anzieni hapa nilipokaa."

Tadei akaweka kekee yake chini. Bwana Shauri akawa mwekundu. "Wewe mwanamke, toka! Hii mali ya Serikali!"

"Serikali imewahi kuupiga kasia hadi wapi? Itaje bandari tatu tu, nami natoka!"

Huseni wangu akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Mwantum! Utaniponza leseni ya duka!"

"Itundike shingoni!"

Nikabebwa mzobemzobe, nguo zinachuruzika, nikapewa siku tatu. Mahabusu ilikuwa nyuma ya boma, chumba kimoja, kidirisha kimoja cha nondo. Kutoka humo nikasikia askari wanaupindua mtumbwi, maji yote yakamwagika kwa mkupuo. Sikulala. Nililia, na sioni aibu kusema. Niliwaza tundu nane, nikawaza mikono ya baba.

Asubuhi ya Ijumaa nikasikia mtumbwi unageuzwa, kisha maji tena, lakini kidogokidogo, mtungi baada ya mtungi. Kisha sauti ya Zenon, "Nyie akina mama, mtafungwa!"

"Tufunge," Kristiana akajibu. "Mahabusu yenu ina chumba kimoja, kishapata mtu. Sisi tuko thelathini na wawili, na Pito wamebaki wengine."

"Na Tadei yuko wapi?"

"Tadei ni mtoto wa dada yangu. Leo mkono unamuuma. Na kesho utamuuma."

Maji yakaendelea, na kila mtungi una jina, kwa lafudhi nzito ya Kifipa ambayo baba angeicheka siku nzima. Kabwe. Kirando. Kipili. Ninde. Wampembe. Kasanga.

Nikaruka, nikazing'ang'ania nondo.

"Kala!" nikapiga kelele, boma zima likasikia. "Mmeiruka Kala! Anzeni upya!"

Kisha Kristiana, mwanamke ambaye hajawahi kuliona ziwa hata kwa mbali, akapaza sauti.

"Kabwe!"

Na maji yakamiminwa.