Mawe ya Foleni ya Kisimani

Jumanne saa tano asubuhi, Mwalimu Siphathisiwe Ncube alifika kisimani akakuta jiwe lake, lenye herufi zake kwa rangi ya buluu, bado limetanguliwa na mawe sitini na mawili. Mtaani kwao Bulawayo, jiwe ndilo hupanga foleni. Mwenyewe hukaa nyumbani mpaka zamu yake ikaribie. Siku hiyo mawe hayakusogea, maana Mzingaye, mshika ufunguo wa pampu, alikuwa akijaza kwanza tangi la diwani la kuoshea magari.

Mama yake, MaDlodlo, alikuwa na mwaka wa pili kitandani, na vidonda vya mgongoni visipooshwa kila siku hunuka. Siphathisiwe alihitaji ndoo mbili. Akisubiri, aliandika riwaya yake ya mwaka 2098, kuhusu mji wa kiu ambamo watu wana namba badala ya majina, askari wanatembea na mbwa, na maji hutoka mara moja kwa wiki. Alikusudia kuwatisha wasomaji.

Nyuma ya jiwe lake palikuwa na mawe matatu mageni, yameandikwa namba. Wenyewe walikuwa wamekaa kivulini na sare za kijivu alizowavisha katika sura ya pili ya riwaya yake. Aliwasalimu. Mzingaye aliwauliza kama wamelipa ada. Waliposema hawajalipa, aliyasogeza mawe yao mwisho, kama anavyomfanyia mgeni yeyote.

Kesho yake mmoja wao, mama wa makamo aitwaye 4417, alipita nyumbani kuaga.

"Mwalimu, sisi tunarudi. Kesho Alhamisi, kwetu maji yanatoka."

"Lakini kule nimewaandikia mahali pabaya."

"Pabaya kweli. Ila kwenye foleni wazee wanatangulia."

Siphathisiwe hakukumbuka kuandika hivyo. Alifungua daftari, akayakuta maneno hayo ukurasa wa arobaini, kwa mwandiko wake. Aliona haya.

MaDlodlo alikuwa amesikia yote.

"Niandike na mimi."

"Mama, kule kuna askari wenye mbwa."

"Na hapa kuna Mzingaye. Niandike karibu na bomba, mwanangu. Blanketi langu usilisahau."

Aliandika huku analia, na blanketi hakulisahau. Jua lilipotua kitanda kilikuwa kitupu na shuka limekunjwa. Alhamisi alisoma ukurasa wa arobaini na moja: 4417 alikuwa anammwagia MaDlodlo maji mgongoni, polepole, na mama anacheka. Hilo hakuliandika yeye. Alifurahi, na wivu ukamchoma, kwa kuwa mikono ile haikuwa yake.

Ijumaa Mzingaye alipata habari kwamba nyumba ile sasa ina mtu mmoja, akaipunguzia ndoo moja. Ndoo hiyo iliosha gari la diwani. Foleni iliposogea, Siphathisiwe aliinama, akasogeza jiwe lake mbele hatua moja.