Mkeka wa Mpakani

Queen, anayeuza vitenge mlango wa pili kutoka ofisini, anadai aliona kwa macho yake. Anasema Josephat alifika asubuhi na mapema, akaupiga mlango teke, akapanda kiti na kuukwangua ukuta kwa panga huku akitukana kwa Kisukuma, halafu akaondoka na mashine ya kupimia begani kama mtu aliyeiba mbuzi. Na kila akisimulia lazima aongeze kitu. Mara ya kwanza lilikuwa teke tu, mara ya pili kitasa nacho kikawa kimevunjika.

"Nikamwambia, baba, tulia," Queen alimwambia Sada huku akikunja kitenge. "Akanigeukia hivi! Macho mekundu, dada yangu, mpaka nikarudi ndani."

Sada alimsikiliza mpaka mwisho, hakubisha. Kitasa kilikuwa kizima. Mashine ilikuwa kwenye boksi lake chini ya meza, imefutwa vumbi. Ukuta haukuwa na mkwaruzo, na yale maneno ya rangi ya bluu yalikuwa palepale: HATUWEKI JIWE MPAKA JIRANI AKAE. Josephat alikuwa ameacha ufunguo mezani. Kando ya ufunguo kulikuwa na kikombe chake cha chai, ambacho miaka yote alikuwa akigombezwa kwa kukiacha kichafu. Alikuwa amekiosha, akakifunika.

Afadhali angeupiga mlango teke.

Walifungua ofisi yao ya kupima ardhi hapo Nyamagana wakiwa wawili tu, Sada wa Kirumba na Josephat wa Kayenze. Mwanzoni walipima chochote kilichokuja. Dalali akiita, wanakwenda. Lakini mara nyingi waliweka mawe ya mpaka asubuhi, jioni jirani ameshayang'oa na kuyatupa ziwani, na watu hawasalimiani tena. Siku moja walifunga mlango, wakaagiza sato na ugali, wakakaa kutwa nzima wakiulizana: hivi sisi ni wa kazi gani?

"Kupima anapima kila mwenye mashine," Josephat alisema. "Mimi nataka tukiondoka mahali, watu wabaki wanaombana chumvi."

"Acha kuhubiri, padri. Kula samaki."

Lakini neno lile lilimwingia Sada. Yeye ndiye aliyeligeuza kuwa sheria. Wasikimbilie tena kazi za madalali. Wawe ofisi ya watu wa kawaida, na kabla ya kupima watandike mkeka juu ya mpaka wenyewe, nusu huku, nusu kule. Majirani wote wawili wakae, wanywe chai, wale matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kisha wasimame pamoja na kuonyeshana mpaka. Asiyekaa, jiwe haliwekwi. Farouk, fundi wa maandishi, akaiandika sheria hiyo ukutani.

Mkeka walisukiwa na mama yake Josephat, Mama Ng'washi, aliyeishi peke yake kwenye shamba la Kayenze. Siku anaukabidhi alimwambia Sada, "Mwanangu, nimeuacha mpana makusudi. Watu wenye hasira wanataka nafasi."

Na mambo yakaenda. Watu walikuja kutoka Kiseke, kutoka Magu, wakiulizia "wale wa mkeka." Sada alipokuwa akiutandika na kuwaona wazee waliogombana tangu ujana wakigombea kiazi kikubwa, alijisikia kama mtu aliyepata jibu la swali lake.

Kisha Mama Ng'washi akaanza kuumwa.

Hakuomba makubwa. Alitaka shamba lake lipimwe, ili atakapokufa alazwe kando ya mume wake, pale pembeni karibu na ua wa minyaa. Ila upande wa pili wa minyaa alikuwa Mzee Nkwabi, aliyekuwa akisema ua ule ulisogezwa zamani, na kaburi la mume liko kwake.

Sada na Josephat walikwenda na mkeka. Wakautandika. Mama Ng'washi akashikwa mkono akakaa, amejifunika khanga, akingoja. Mzee Nkwabi alikuja mpaka kwenye ukingo wa mkeka, akaegemea fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Karibu ukae."

"Magoti yangu hayakunjiki," alisema, akacheka. "Halafu si ndio nyinyi mlioandika ukutani kwenu? Jirani asipokaa, hamuweki jiwe. Mjukuu wangu amenisomea. Basi mimi nasimama."

Wakarudi tena, na tena. Kila mara mzee alikuja, akasalimia vizuri, akauliza habari za mjini, akasimama.

Jioni moja, wakiwa wawili ofisini, Josephat alisema bila kumwangalia Sada, "Tumwite mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, tupime. Wenzetu wanafanya hivyo."

"Wenzetu ndio, sisi hapana."

"Mama amechoka, Sada."

"Najua. Lakini yule bwana wa Kirumba, jirani yake alipokataa kukaa, tulimkatalia. Tukiivunja kwa mama yako, kesho nitamwangaliaje? Tumpe mzee muda. Atakaa tu."

Josephat akauviringisha mkeka taratibu, akaufunga kamba. Sada alidhani amekubali.

Mama Ng'washi alifariki Nkwabi akiwa bado amesimama.

Siku ya mazishi, vijana walipoanza kuchimba kando ya kaburi la baba, watoto wa Nkwabi walikuja wakajipanga mbele ya majembe. Hawakupiga kelele. "Hapa hapachimbwi. Mpaka haujulikani." Mwenyekiti wa kitongoji alivua kofia, akawaangalia watu wote, akasema, "Kungekuwa na jiwe ningesema kitu. Jiwe hakuna." Jua lilikuwa kali, mwili usingeweza kungoja. Wakambeba Mama Ng'washi kuvuka barabara mpaka makaburi ya kijiji, wakamlaza kati ya watu asiowajua. Josephat alipomaliza kutupa udongo alipita mbele ya Sada, karibu kabisa, kama anavyopita mtu kando ya mti.

Kisha ikawa ile asubuhi ya ufunguo na kikombe.

Sada alikaa ofisini siku kadhaa akiyasoma maneno ya bluu. Alikuwa ameyaona kama mlango wa kuwaingiza wote, kumbe kufuli alikuwa amempa yule mbishi. Akamwita Farouk ayarekebishe. Farouk alikuja na brashi na kopo la rangi, akauliza, "Niandike nini, dada?" Sada akafungua mdomo, akakosa neno. Josephat hakuwepo.

Jumapili akauchukua mkeka, akapanda bajaji mpaka Kiseke. Winnie, mke wa Josephat, alimpokea mlangoni kwa sauti ya chini. "Karibu, dada. Yupo. Ila haongei sana siku hizi." Akaingia jikoni.

Josephat alitokea, akasimama mlangoni. Alikuwa amenyoa nywele zote kwa ajili ya msiba, na kichwa chake kilionekana kidogo.

"Pole," Sada alisema.

"Nishapoa."

"Nilikosea, Josephat. Jirani akikataa kukaa, mwenyekiti akae badala yake. Ilikuwa rahisi hivyo. Sijui kwa nini sikuiona. Ungenishika bega tu ukaniambia..."

"Nilikuambia."

Sada akainama, akafungua kamba. Akautandika mkeka wa Mama Ng'washi kwenye kizingiti, nusu ndani, nusu nje, akanyoosha ncha zake kwa kiganja kama walivyofanya kwenye mashamba ya watu wengine. Akavua viatu, akakaa upande wa nje. Mkeka ulikuwa mpana kweli, upande wa pili ulibaki mtupu.

"Rudi tuandike upya," alisema. "Sina maneno peke yangu. Kaa, Josephat. Kaa kidogo tu."

Jikoni Winnie alizima redio. Josephat aliutazama mkeka, akautazama ukingo wake mama yake alipofungia ukindu wa mwisho. Mkono wake ulikuwa kwenye fremu ya mlango. Alibaki amesimama.