Shoti ya Mama

Jioni, mama mkata nailoni alipokata kona ya duka la dawa akitoka kiwandani, nywele za mwanawe Kidoti zilisimama. Mtoto alikuwa nyumbani, mtaa wa tatu kutoka hapo, akinywa uji. Nywele zilinyooka zote upande wa dukani, na bibi yake akabandika maji ya kuoga. Kadiri mama alivyokaribia ndivyo zilivyozidi kukaza. Majirani walishazoea, walimchungulia Kidoti dirishani wakajua basi la kiwanda limepita.

Taabu ilikuwa mikono. Kutwa nzima mama alivuta na kukata marobota ya nailoni, na chaji ya umeme iliyomjaa alirudi nayo nyumbani. Alioga, alikanyaga sakafu peku, alishika nondo za dirisha, wapi! Akimgusa mtoto tu, ta! Siku hizi Kidoti alijificha nyuma ya bibi, mama hajavua hata viatu. Jambo hilo lilimuuma mama. Akikaa anainuka, akiinuka hajui aende wapi.

Akamwendea msimamizi wa kiwanda.

“Bosi, tufungieni na sisi waya wa ardhi, kama wa mashine.”

“Mashine ikijaa chaji inaharibika, mama. Wewe umeharibika?”

“Mwanangu ananikimbia.”

“Ya nyumbani hayo.”

Getini wakataji waliagana kwa mikono, na hakuna aliyepigwa shoti. Wote walijaa sawasawa, kwa hiyo hapakuwa na cha kumtoka huyu kikamrukie yule. Mama akasimama, akawatazama, kisha akarudi ndani kuchukua kipande cha nailoni.

Nyumbani alimsugua Kidoti mgongo na mikono mpaka akaanza kutatarika.

“We mwanangu, unamfanya nini mtoto?” bibi akauliza.

“Namlinganisha na mimi, mama.”

Akambeba. Kimya. Kidoti akamlalia shingoni, na mama akalia kwa furaha bila kujificha. Bibi akanyoosha kidole amfute mtoto kamasi. Ta!

“Haya, nimekoma,” akasema, akaenda kukaa mbali.

Asubuhi bibi hakuweza kumvisha wala kumlisha, ikabidi Kidoti aende kazini na mama yake. Msimamizi alimkuta kando ya meza ya kukatia, ameshika ncha ya nailoni, hashtuki. Akapendezwa.

“Huyu ameshazoea,” akasema, akaenda kumtafutia kigoda afikie meza.

Mama akamshukuru kwa moyo wote.