Treni Haiondoki na Kasmiri

Jumanne asubuhi treni ya Tanga ilisimama stesheni ya Korogwe kama kawaida. Mizigo ikapakiwa, abiria wakapanda, gadi akapuliza filimbi na kuinua bendera ya kijani. Injini ikatoa moshi. Magurudumu hayakuzunguka. Dereva alishuka, akakagua, hakuona kasoro. Mwishowe askari akamteremsha Kasmiri kutoka behewa la daraja la tatu, na treni ikaondoka bila taabu.

Kasmiri alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Wareno. Alikuja kwa mkataba kukata mkonge wakati wa vita, akamwoa Filomena, Mzigua wa Handeni, wakapata watoto. Mkataba ulipokwisha, Bwana Shauri, afisa wa serikali wilayani, alisema mgeni huyu aweza kukaa nchini moja kwa moja, mradi mwajiri wake amdhamini. Asipodhaminiwa, apelekwe Tanga akapande meli arudi kwao. Meneja wa shamba alimjibu Kasmiri kwamba ataliangalia jambo hilo mwezi ujao. Miezi ijayo ikawa mingi. Ndipo askari akaja kumchukua.

Jumanne iliyofuata treni haikuondoka tena mpaka aliposhushwa. Ya tatu, abiria walikuwa wamekwisha kuelewa.

"Amepanda?" aliuliza Mama Hosiana, aliyekuwa anatoka Mombo na makapu ya plamu.

"Amepanda. Yule pale dirishani."

"Basi Tanga nitauza jamu."

Mdoe, kaka yake Filomena, alikuja kutoka Handeni kila mara kumuaga. Alisimama chini ya dirisha, amechoka.

"Shemeji, nimekulilia Jumanne tatu. Machozi ya Wazigua yana kiasi. Ama uende, ama uturudishie kuku tuliyekuchinjia."

"Iambie treni," alisema Kasmiri. "Mimi nimekaa tu."

Jumapili baada ya misa, Katekista Paulo alimwita Filomena pembeni.

"Uliomba nini hasa?"

"Niliomba treni isimchukue."

"Ungemwombea meneja, moyo wake ulainike. Hilo ndilo lingemaliza shauri."

"Nilianza na meneja, Mwalimu. Rozari mwaka mzima. Nilipoona hakuna kitu, nikahamia kwenye treni."

Katekista alifikiri kidogo, akasema haoni kosa katika sala hiyo.

Aliyechoka kuliko wote alikuwa Eliasi, stesheni masta. Kila Jumanne alipigiwa simu kutoka Tanga kuulizwa sababu ya treni kuchelewa, na kila Jumanne alijibu kwamba sababu ni Kasmiri. Siku moja alivaa kofia yake ya kazi, akamchukua Kasmiri na mkewe, wakaenda barazani kwa meneja. Walimkuta anakunywa chai.

"Bwana, ni neno lako moja tu," alisema Eliasi. "Ukimdhamini huyu, hatapandishwa tena, na treni itaondoka kwa saa yake."

Meneja aliuliza kama ni kweli treni haiendi naye. Eliasi akasema ni kweli. Akauliza kama wamejaribu injini kubwa. Walikuwa wamejaribu.

"Basi haondoki," alisema meneja.

"Haondoki, bwana. Lakini na kukaa haruhusiwi."

Meneja alikoroga chai. Alieleza kwa upole kwamba wenye ruhusa ya kukaa humsumbua. Leo unamdhamini mtu, wiki ijayo yuko shamba la jirani kwa mshahara mzuri zaidi. Mtu asiyeweza kuondoka na asiyeruhusiwa kukaa hana shamba la jirani. Hajapata, alisema, kuwa na mkata mkonge wa kutegemewa kama huyu.

"Bwana, ana watoto," alisema Filomena. "Kila Jumatatu wanalala wamemshika shati."

"Mwezi ujao nitaliangalia."

Walirudi mpaka relini. Hapo Eliasi akavua kofia.

"Mama, huwezi kujaribu tena kumwombea yule?"

"Masta, magoti yangu si ya chuma."

Shirika la reli likabadilisha ratiba. Jumanne treni ikapewa muda mrefu zaidi Korogwe. Mama Hosiana akaanza kununua plamu mbichi. Mdoe akawa anatuma kwaheri zake kwa yeyote anayekuja upande huo. Askari humpandisha Kasmiri, kwa sababu sheria ni sheria. Gadi hupuliza filimbi, dereva hujaribu, abiria hungoja bila kugeuza shingo. Kisha Kasmiri hushuka, na treni huenda zake Tanga.

Yeye huvuka reli, huchukua kisu chake na kuingia kondeni, ambako nyapara humkata mshahara wa nusu siku, kwa kuwa meneja ameagiza kwamba kufukuzwa nchini si udhuru wa kuchelewa kazini.