Kituo cha Tatu

Wenzake walimwita Mama Kanuni, na jina hilo halikuwa la sifa wala la matusi. Alikuwa daktari wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, na huu ulikuwa mwaka wake wa saba wa kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Mtihani wa mwisho ulikuwa umemwangusha mara tatu. Kila alipoanguka alirudi kwenye kijitabu cha kanuni za mafunzo kutazama amebakiwa na nini, mpaka akakihifadhi chote. Daktari mwenzake akiuliza mtu anaruhusiwa kuugua siku ngapi, yeye hujibu bila kuinua kichwa: "Kanuni ya kumi na moja. Siku thelathini. Zikizidi, unarudia mwaka."

Kanuni iliyomnyima raha ilikuwa ya ishirini na mbili. Mtahiniwa ana nafasi nne tu. Ya nne ikipotea, jina lake linafutwa, wala hawezi kuomba tena ubingwa huo maisha yake yote.

"Safari hii fumba macho upite," mumewe alimwambia asubuhi ya mtihani, huku akimfungia vifungo vya koti jeupe. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, si mtu wa maneno mengi. "Usibishane na mtu. Jibu unachoulizwa, basi."

Mtihani ulifanyika katika wodi iliyohamishwa wagonjwa wake wote. Mapazia yalikuwa yameigawa katika vituo vitano, kila kituo na mgonjwa mmoja na mtahini mmoja. Simu na saa za mkononi zilikusanywa kwenye beseni la plastiki. Kisha msajili wa mitihani, mwanamke wa sauti nyembamba, akasoma masharti. Hakuna kuzungumza na mtahiniwa mwenzako. Hakuna kumuuliza mgonjwa swali ambalo kadi haikuruhusu. Anayesimamisha kituo kabla ya muda, kwa sababu yoyote ile, amekipoteza, na anayepoteza kituo kimoja ameanguka mtihani mzima.

"Yoyote ile," akarudia, akiwatazama mmoja mmoja.

Mama Kanuni alikuwa namba tisa. Namba nane alikuwa Mrefu, rafiki yake wa kusoma. Kwa miezi sita walikuwa wakipimana matumbo kwenye kochi la sebuleni kwake, watoto wakicheka mpaka wanaishiwa pumzi. Mrefu alipotoka kituo cha tatu, wakapishana penye pazia. Si kawaida yake kupita bila kumkonyeza. Leo alitazama sakafu, akawa anajifuta viganja kwenye koti, tena na tena.

Ndani, kadi ilisema: *Pima tumbo la mgonjwa huyu. Usimuulize historia ya ugonjwa. Dakika nane.*

Mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mzee mwembamba ambaye bandama yake ilikuwa imevimba kwa miaka mingi hadi ikakaribia kitovu. Kila mwaka hospitali ilimwita alale pale watahiniwa waipapase, na mwenyewe hupenda kutania kwamba tumbo lake limesomesha madaktari wengi kuliko chuo kizima. Leo hakutania. Midomo yake ilikuwa imepauka, na mkono wake wa kulia ulikuwa unasugua bega la kushoto polepole, kama mtu anayejaribu kufuta doa.

"Shikamoo, mzee. Naomba nikupime tumbo."

"Marahaba, mwanangu. Pima tu."

Alimshika kiganja. Kilikuwa cha baridi na kimelowa jasho. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia. Akaweka mkono juu ya tumbo, kwa wepesi ambao hakuna mtahini angeupa alama, na tumbo likakaza kama ubao. Bandama iliyovimba ni laini. Ikibonyezwa kupita kiasi huchanika, na damu ikimwagikia ndani, maumivu huenda kutokea begani.

Labda ni mtego, akajiambia. Labda wanataka kuona kama nitaropoka. Akamtazama mtahini, profesa aliyemfundisha miaka minne. Profesa alikuwa anatazama saa.

"Mzee," akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, "bega limeanza kuuma lini?"

"Mtahiniwa," profesa akasema, "soma kadi."

"Tangu yule wa sita," fundi akajibu. "Alibonyeza kweli kweli. Yule mrefu nilimwambia. Akasema asante, baba, akaendelea."

"Profesa, huyu anavuja damu."

"Una dakika tano. Maliza kupima, kisha unieleze ulichokiona."

Nyuma ya kitanda, ukutani, kulikuwa na kitufe chekundu cha kuita msaada. Mama Kanuni alipokisogelea, profesa aliinuka. Hakumzuia. Alizungumza taratibu, karibu kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha.

"Ukibonyeza hicho, umekipoteza kituo. Unajua hii ni ya ngapi kwako."

"Ya nne," akajibu, akabonyeza.

Fundi alifikishwa chumba cha upasuaji akiwa hajitambui. Walimtoa bandama iliyochanika na damu karibu lita mbili. Alipona. Mtihani ulisimama kwa dakika arobaini, kikaletwa kitanda kingine na mgonjwa mwingine, ukaendelea. Mama Kanuni hakuruhusiwa kurudi ndani.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Aliisoma amesimama jikoni, mumewe akichungulia juu ya bega lake. Kwamba nafasi ya nne imehesabika, hilo alilitarajia. Aya ya pili hakuitarajia. Iliandikwa kwamba mgonjwa alikuwa na hali nzuri mpaka alipopimwa na mtahiniwa namba tisa, na kwamba jambo hilo limepelekwa kwenye baraza la madaktari.

"Wanasema wewe ndiye uliyemchana?" mumewe akauliza.

Mama Kanuni alikuwa tayari anatafuta viatu.

Mrefu alikuwa amefaulu. Alimkaribisha kwenye ofisi mpya ambayo bado ilinuka rangi, akafunga mlango, kisha akaufungua kidogo kuchungulia ukumbini.

"Andika tu, niambatishe kwenye rufaa, kwamba mzee alikuambia bega linauma," Mama Kanuni akamwomba. "Sentensi moja."

"Nikiandika aliniambia, wataniuliza kwa nini nilinyamaza."

"Na kwa nini ulinyamaza?"

Mrefu alikalia ukingo wa meza, akawa kama amefupika. "Nilidhani wewe utasema," akajibu. "Nilijua namba tisa ni nani. Nikajiambia, yule hawezi kunyamaza." Akatazama tena mlangoni. "Nisamehe, dada yangu. Siwezi kuandika."

Mama Kanuni akaenda kwa fundi. Alimkuta amerudi kwenye cherehani yake, anashona polepole, mkanda wa kitambaa umefungwa tumboni. Mzee alifurahi kumwona, akamwita mkewe aje amwone daktari aliyemwokoa. Lakini alipoelezwa yaliyoandikwa kwenye barua, akaacha kushona, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

"Kuna karatasi walinisainisha wodini," akasema. "Sikuwa na miwani. Waliniambia ni ya ruhusa ya kwenda nyumbani."

Kesho yake fundi alivaa suti aliyoishona mwenyewe, akaenda ofisi ya msajili. Msajili alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea maji, kisha akamweleza kwamba kamati ya rufaa hupokea maneno ya watahini na watahiniwa peke yao. Mgonjwa hana nafasi katika mtihani.

"Mimi ndiye niliyebonyezwa!" fundi akafoka.

"Ndiyo, mzee wangu. Pole sana."

Hata hivyo, kwenda kwake kuliwatia hofu wakubwa wa mitihani. Mwezi uliofuata baraza lilifunga shauri bila kumwita mtu, na ile aya ya pili haikutajwa tena. Rufaa nayo ilikataliwa kwa mstari mmoja. Jina la Mama Kanuni likafutwa. Akapangiwa hospitali ndogo, daktari wa kawaida kama alivyokuwa miaka saba nyuma, na akafanya kazi yake vizuri. Akiulizwa kama anajuta, alisema hapana, na alisema kweli, ingawa kwa muda mrefu hakuweza kukaa kwenye lile kochi la sebuleni.

Mwaka uliofuata Mrefu aliteuliwa kuwa mtahini. Ni yeye aliyemtumia Mama Kanuni toleo jipya la kanuni kwenye bahasha ya kaki, bila barua, ukurasa mmoja umekunjwa pembeni. Aliusoma kibarazani, mumewe akisahihisha madaftari kando yake. Kilikuwa kimeongezwa kifungu kipya katika sehemu inayohusu vituo:

*Mgonjwa wa mtihani hataruhusiwa kuzungumza na mtahiniwa.*

Alikirudia mara mbili. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko anaoujua, Mrefu alikuwa ameandika: Tulipiga kura. Nilinyoosha mkono kukubali.

"Wamekuandikia nini?" mumewe akauliza.

Akampa asome.