Mashua ya Ojwang Haijakauka

Mimi ni mtu wa hasira na sijifichi. Mogogosiek nzima inajua, ng'ombe wangu wanajua, na marehemu mke wangu Rodah alijua kuliko wote. Kwa hivyo Ojwang aliponijia mwezi wa pili na kuniambia anataka kutengeneza mashua katika boma langu, nilimfokea kwanza. Nilimuuliza kama siku hizi michai imeanza kuzaa samaki. Kutoka kwetu hadi ziwani ni mwendo wa saa nne kwa gari, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kula samaki, sembuse kupanda chombo cha kumfuata.

Ojwang alisubiri nimalize. Alikuwa amezoea. Tulikuwa tumejuana miaka ishirini na sita, tangu alipotoka upande wa ziwa kuja kuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Tulikutana siku niliyokuwa nikigombana na karani wa mizani kuhusu kilo zangu za majani. Ojwang alitoka ndani na spana mkononi, akaniambia kwamba mizani ameitengeneza yeye, na kama ni mbovu basi nigombane na yeye. Tukagombana. Jioni alikuja kwangu kunywa chai, na tangu siku hiyo hakuacha kuja.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza. Sema."

"Baba Joan, nimetoka hospitali ya Longisa. Daktari ameangalia hii koo yangu. Ni ile kitu."

Huku kwetu ukisema ile kitu, hakuna anayeuliza ni kitu gani. Imepita katika nyumba nyingi. Nilikaa chini kwenye gogo.

"Wamesema nini?"

"Wamesema miezi. Hawakusema mwaka."

Kisha akanieleza alichotaka, bila kupandisha sauti. Baba yake alikuwa mvuvi wa kukokota mshipi: unapiga kasia polepole, mshipi unafuata nyuma ya mashua na ndoano yake, na mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, akidhani ni samaki mdogo anayekimbia, anameza. Ojwang aliondoka nyumbani kijana akiahidi kwamba atarudi na mashua yake mwenyewe. Maisha yakapita kwenye mafuta na grisi. Sasa alitaka kurudi nayo, akokote mshipi ziwani hata siku moja, kabla mikono haijaisha nguvu. Nyumba ya kampuni aliyokaa haikuwa na nafasi hata ya kuku. Mtoto wake Robert, aliyekuwa Kisumu, alikuwa ameahidi kuleta lori siku mashua itakapokuwa tayari, awachukue baba na mama yake na mizigo yote.

"Bila mashua siendi," alisema. "Siwezi rudi kwetu mikono mitupu kama mtu ametoroka jela."

Nikampa kibanda ambacho Rodah alikuwa akiweka mahindi. Kilikuwa kitupu tangu alipofariki. Watoto wangu wote wameenda, Joan ameolewa Chebunyo, na mahindi ya mtu mmoja yanatosha kwenye gunia moja jikoni.

Tulianza na mbao za saipras. Ojwang alikata na kupinda, mimi nilishika na kulalamika. Mashua yenyewe haikuwa kubwa, watu wawili na kapu. Lakini kumbe kuunda mbao ndiyo kazi ndogo. Kazi ni kuivisha vifaa vya kuvulia. Alitaka mabomba mawili ya maji yafungwe ubavuni, moja kulia na moja kushoto, yamelalia nyuma kidogo, ili fimbo za mianzi zisimame ndani yake na mishipi miwili isikutane njiani. Niliyafunga wima kama nguzo za ua. Aliyatazama, akacheka hadi akakohoa.

"Omera, hii si boma la ndama. Ukifunga wima hivyo, samaki akivuta anavunja mwanzi."

"Basi funga mwenyewe."

"Mkono wangu unatetemeka. Fungua."

Nikafungua. Nilifungua na kufunga mara nne siku hiyo, kila mara nikitukana ukoo wote wa samaki. Alinifundisha kutoboa kijiko cha kantini mwanzo na mwisho, kukata mpini, na kukitia ndoano mkiani, kiwe ndicho samaki wa bandia. Alinifundisha kuweka kale kachuma kanakozunguka kati ya mshipi na kijiko, la sivyo kijiko kikicheza mshipi unajisokota wote. Tulikijaribu kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Mimi nilitembea kando nikivuta kamba, yeye alikaa kwenye kiti akiangalia kijiko kinavyoyumba ndani ya maji.

"Pole pole. Mbuta hafukuzi pikipiki."

"Pole pole ya aina gani?"

"Ile ya ng'ombe akienda mtoni na hana kiu sana."

Hapo nikaelewa. Ng'ombe wangu walisimama ng'ambo ya birika wakitutazama wazee wawili tukivua kijiko, na nina hakika walitudharau.

Katikati ya mwezi wa tano tuliipeleka kwenye bwawa lililo bondeni, chini ya michai, tukiwa na jirani yangu Noah na trekta yake. Ojwang wakati huo alikuwa hamezi chakula kigumu. Alikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, niliyomtengenezea, akisema kwamba miaka yote aliicheka na sasa imekuwa mama yake. Nilipiga kasia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Tulizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kisha nikapata mwendo. Akatoa mshipi nyuma, hatua thelathini hivi, akaushika kwa vidole viwili na kufumba macho. Hatukupata samaki. Tulizunguka saa nzima, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba. Sikuwahi kumwona hivyo tangu mwaka uanze, na nilifurahi, na wakati huohuo moyo ukanishuka. Niliona kwamba mashua iko tayari, na kwamba huyu mtu anaenda.

Tuliporudi ukingoni maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yetu. Ungio moja lilikuwa linavuja. Ojwang alisema si kitu: tuichomoe pamba iliyoziba kati ya mbao, tutie nyingine na lami, tupige rangi ya mafuta mara mbili, ikauke, basi. Wiki mbili. Mbona nilifurahi, hata leo naona haya kusema.

Nilifanya kazi hiyo peke yangu, kwa sababu yeye hakuweza tena kuinama. Nikaifanya vizuri. Rangi ilikuwa ya buluu. Kila asubuhi Mama Robert, yaani Jerusa mke wake, alimleta akimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti mlangoni mwa jiko langu, akaenda kwenye shughuli zake. Na kila asubuhi swali lilikuwa moja.

"Imekauka?"

"Bado. Na hii mvua, itakauka lini?"

Mvua ilikuwako kweli. Huku kwetu Konoin mwezi wa sita hata nguo kwenye kamba hukaa siku tatu. Lakini kibanda kile kina bati zima, na Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita niliweka kiganja juu ya mbao nikakitazama. Kilikuwa safi. Nikatoka nje, nikamkuta ameinamisha kichwa kwenye blanketi.

"Imekauka?"

"Bado," nilisema.

Neno lilitoka lenyewe. Kesho yake lilitoka tena, na safari hiyo nililisukuma. Nilimwambia upande wa chini bado unashika kidole. Siku nyingine nikasema nimeona pahali rangi imepanda malengelenge, inabidi nikwangue. Sikukwangua kitu. Niliingia kibandani, nikafunga mlango, nikasugua ubao wa zamani kwa msasa ili asikie sauti. Halafu nilitoka nikijipangusa vumbi, nikamletea mursik, nikakaa naye. Tulizungumza juu ya kiwanda, juu ya yule karani wa mizani, juu ya Rodah alivyokuwa akitufukuza sote wawili jikoni. Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono, ilibidi nisogeze kiti hadi magoti yetu yagusane. Asubuhi hizo zilikuwa nzuri. Nazitaja hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni hizo zinazoniuma.

Noah aliniona nikisugua ule ubao. Si mtu wa maneno mengi.

"Mzee, ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema.

"Na haraka haraka haina baraka," nilimjibu. "Enda uangalie trekta yako."

Alienda. Mimi nikabaki na hasira, na sikuweza kusema nimemkasirikia nani.

Siku ya kumi na tisa Jerusa alikuja peke yake. Alisema Baba Robert ameshindwa kuamka. Nilikimbia hadi kwenye nyumba za kampuni, mimi ambaye magoti yangu hayakubali hata kupanda mlima wa kituo cha majani. Nilimkuta amelala, mikono juu ya blanketi, imekuwa miembamba kama ile mianzi yetu. Nikaona mwenyewe kwamba haitashika tena mshipi.

"Imekauka," nilimwambia. "Imekauka kabisa. Tupigie Robert."

Alinigeuzia uso.

"Asante," alisema. "Umefanya kazi."

Robert alisema lori litafika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alhamisi tulimkimbiza Ojwang Longisa. Wauguzi walimpokea vizuri, wakamfanyia walichoweza. Ijumaa mchana, Jerusa akiwa ametoka kumchotea maji, Ojwang alifariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Lori lilifika Jumamosi kama lilivyoahidiwa. Likapakia mashua kwanza, halafu tukangojea jeneza.

Kabla mwili haujaondoka kwenda kwao, wafanyakazi waliomba maombi yafanyike kwenye uwanja wa kampuni. Walikuja wengi, wa kiwanda, wa majani, hata yule karani wa mizani ambaye sasa ni mzee kama sisi. Mchungaji alionyesha mashua iliyokuwa juu ya lori, buluu, na mabomba yake mawili ubavuni. Alisema watu waangalie, mtu wa kabila lingine, asiyejua samaki, amemtengenezea ndugu yake mashua hadi siku ya mwisho. Alisema huo ndio upendo. Watu wakapiga makofi. Akaniita nizungumze, akaniwekea maikrofoni mkononi.

Nilikuwa na maneno mazuri. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Lakini makofi yale yalinitia hasira, na mimi hasira ikinishika siwezi kudanganya.

"Msinipigie makofi," nilisema. "Hiyo mashua ilikauka Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita. Mimi nilimwambia ni mbichi. Nilimwambia hivyo siku kumi na nane. Angekuwa amefika kwao. Angekuwa amevua. Ni mimi nilimzuia, kwa sababu sikutaka aende."

Robert aliinamisha uso. Nilimrudishia mchungaji maikrofoni na nikatembea kuelekea nyuma ya lori, nikitarajia kwamba mtu atakuja kunipiga, na nikiwa tayari kupigwa. Aliyekuja ni Jerusa. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani na macho yamevimba. Nikavua kofia.

"Mama Robert, nisamehe. Kama hutaki niende na nyinyi, nitabaki."

"Alijua, Baba Joan," alisema.

"Alijua nini?"

"Hiyo Jumatatu mchana ulienda kupeleka majani. Alinifanya nimpeleke kwa kibanda. Akaishika yote, mbele mpaka nyuma. Akaniambia imekauka."

Nilidhani huzuni imemchanganya.

"Lakini alikuwa ananiuliza kila siku. Mpaka ile ya mwisho."

"Alikuwa anauliza. Mimi nilikasirika, si kidogo. Nikachukua simu nipigie Robert, akaninyang'anya. Nikamwambia, wewe nguvu inaisha, unangoja nini? Akasema, 'Huyo mzee hana mtu. Wacha tukae na yeye kidogo.'"

Alinishika bega, kisha akaenda kupanda mbele pamoja na mtoto wake, kwa maana dereva alikuwa ameshawasha. Nilitaka kumkasirikia Ojwang. Ndiyo njia ninayoijua, na safari hii haikunijia. Walikuwa wameniwekea nafasi mbele, lakini nilipanda nyuma, nikakaa kati ya mashua na jeneza, nikalia waziwazi njia yote hadi Sotik.