Vigae vya Kumkaribisha Mama

Jumamosi ya tatu mfululizo nilisimama katika duka la vigae la Abdulghani, hapa Voi, miguu ikiniwaka moto. Vyeupe, vya rangi ya maziwa, vya kijivu, vya rangi ya mchanga. Nani alijua kwamba kukosa rangi kuna aina nyingi hivyo?

"Mwalimu Wakio, chukua vyeupe," alisema Abdulghani. "Mumeo keshavipenda."

Mume wangu Lewis angependa hata paa ling'ae. Lakini mimi nilikuwa namfikiria mama, ambaye mwaka huu magoti yake yamevikataa vilima vya kwake Chawia. Nilitaka aje aishi nasi. Dada yangu Rita alijaribu kabla yangu. Kwenye sakafu yake nyeupe pepepe, mama alitazama nyayo zake zenye udongo, akatoka akakaa barazani kutwa nzima. Kesho yake akarudi kwake. "Ile nyumba ni ya kutazama tu," alisema.

Kwa hiyo nilitoa kwenye mkoba karatasi yenye udongo wa shamba lake, nikausugua juu ya kigae kimoja kimoja.

Abdulghani alishika kichwa. "Lahaula! Mwalimu, hili ni duka!"

Nikaendelea. Kwenye kigae cha rangi ya mchanga, kisichong'aa, udongo haukuonekana. Nikachukua hicho. Lewis aliponuna, nilimwacha anune. Sikuwa na nguvu za kumbembeleza.

Mama alikuja Desemba, mvua zikinyesha. Alifika mlangoni, akavua viatu, akachungulia ndani, kisha akaketi kwenye ngazi.

"Ingia, mama. Sakafu hii haionyeshi uchafu."

"Ndiyo mbaya zaidi. Nitachafua na sitajua."

Nikaketi kando yake, nimechoka hadi kwenye mifupa. Miezi yote ile ya kubishana na mume, na mama bado yuko nje kama mtu aliyekuja kuuza ndizi.

"Rangi ni nzuri, mwanangu," akasema polepole. "Lakini hii ni nyumba ya mkwe. Mkwe hajanikaribisha."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimemkaribisha mimi, tena mara nyingi, lakini kwake mimi ni mtoto tu, na nyumba ina mwenyewe.

Saa kumi Lewis alirudi kutoka kazi ya barabara huko Kishushe, buti zimejaa matope mekundu. Nikamweleza palepale mlangoni. Alimtazama mama, akaitazama sakafu, ile asiyoipenda ambayo hata hivyo aliipiga deki mwenyewe kila asubuhi. Kisha akaingia na buti zake, hatua kwa hatua, hadi katikati ya sebule. Matope yakabaki nyuma yake mabonge mabonge.

"Karibu nyumbani, mama," alisema. "Kanyaga hapa nilipokanyaga."

Mama akavaa viatu vyake, akashika ukuta, akamfuata.

Mimi nilibaki kwenye ngazi nikalia, na sikujali nani ananiona.